Nilianza na Ruta ya Karibu

Muzee aliyenifundisha kazi ya mitandao alikuwa na sheria moja: ukibadilisha mambo kwenye ruta mbili, zile mashine za kupitishia mtandao, anza na ile ya mbali. Ukianza na ya karibu, utajifungia nje na ufunguo ukiwa ndani. Sheria hiyo niliijua vizuri, na asubuhi ile niliivunja kwa kiburi tu.

Lopitali yetu hapa Goma ina kituo cha uzazi kule Munigi. Ruta ya huku na ya kule zimeunganishwa na kiungo pepe, yaani kiungo kisicho na waya wake, kinachopitia ruta ya tatu iliyoko Birere. Zinasalimiana kila sekunde kumi. Moja ikinyamaza sekunde arobaini, nyingine inaihesabu imekufa. Mimi niliona arobaini ni nyingi mno. Nikaandika tano na ishirini kwenye ruta yetu, nikajiona fundi kweli kweli.

Lakini ruta zenye muda tofauti hazipokei salamu. Sekunde ishirini zikaisha, Munigi ikakatika.

Daktari akaingia mbio. "Papa, picha za ekografi ya Munigi, za mutoto tumboni, zimeishia njiani! Yule mama damu inamutoka. Nataka kujua kama tumulete huku ao azalie kule."

Yule mama alikuwa dada yangu.

Yezu wangu! Niliijua barabara ile ya mawe, na nilijua dada asingeistahimili katika hali ile. Nikakamata kofia ya moto, pikipiki yangu, nikimbie Munigi mwenyewe, niandike zile namba mbili. Nilikuwa nimefika mlangoni ndipo akili iliponirudia: mjinga weye, kilichokufa ni kiungo pepe! Njia yenyewe ya kupitia Birere ingali nzima.

Nikarudi kwenye kiti. Kutoka ndani ya ruta yetu nikaiita ile ya Munigi kwa anwani yake ya upande wa Birere. Ikaniuliza neno la siri. Sijawahi kufurahia kuulizwa neno la siri namna ile! Nikaandika tano, nikaandika ishirini. Tukangoja, daktari akinipumulia shingoni. Zikasalimiana.

Picha zikafika. Daktari akazitazama muda mrefu, mimi nikitazama uso wake.

"Kondo iko juu, haikuziba njia," akasema. "Moyo wa mutoto unapiga muzuri. Abaki kule kule."

Nililia mbele yake bila haya, kisha nikampigia dada.

"Nisamehe. Ni miye nilikata mtandao."

"Ni weye? Yo! Huku tunasali rozari, tunamuombea fundi Mungu amuongoze. Kumbe tunamuombea mwenye kuharibu!"

"Musiache," nikamwambia. "Muimalize."