Gramu Ishirini za Fundi Mizani

"Mjomba, mizani ya kumbeba mtu mzima inaweza kuona gramu ishirini?"

Aliyeuliza alikuwa mpwa wake, mtoto wa dada yake, miaka tisa, ameketi juu ya ndoo iliyogeuzwa kichwa chini, soksi moja imeshuka. Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa ametumwa kumletea mjomba chakula cha mchana, akakawia kama kawaida yake, na maneno aliyoyasikia humo ndani yakamwingia kichwani yakakosa pa kukaa. Fundi Mizani alimtazama, akautazama mlango alikopita rafiki yake kinyozi akitoka punde tu, kisha akasema, "Chukua ufagio ufagie chini ya meza."

Chini ya meza palikuwa safi. Mtoto akafagia hivyo hivyo.

Karakana yenyewe ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha pana, katikati ya muuza vioo na mshona mapazia. Rafuni palipangwa mizani za maduka, mizani za mabucha, mizani za zahanati zenye bakuli la kulaza watoto wachanga, na sakafuni ile kubwa ya jukwaa ya kupimia magunia. Mezani kilikaa kisanduku cha mbao chenye mawe ya shaba ya kusahihishia mizani, kila jiwe ndani ya shimo lake. Mawe hayo hayakushikwa kwa vidole. Fundi aliyainua kwa kipande cha ngozi laini, na aliyethubutu kuyagusa kwa mkono mtupu alifinywa sikio, awe mpwa awe mteja.

"Jasho la kidole lina uzito," alikuwa akisema. "Leo hulioni. Baada ya mwaka mmoja jiwe limekuwa mwongo, na mizani zote ulizozisahihisha kwa jiwe hilo zimekuwa waongo pamoja nalo."

Kwa ukaidi huo alijulikana mtaa mzima. Muuza nyama aliwahi kumletea mizani iliyokuwa ikimwongezea gramu kumi kila ikipima, akaomba apigiwe muhuri hivyo hivyo.

"Fundi, gramu kumi si kitu. Huo ni mfupa wa kuku."

"Basi huo mfupa wa kuku mpe mteja."

Muuza nyama alinuna wiki mbili, kisha akarudi, maana fundi mwingine hakuwepo.

Kazini alikuwa hivyo, na kanisani hali kadhalika. Ujanani aliwahi kumuuliza mzee wa kanisa swali moja kuhusu Mungu, akajibiwa kwamba mwenye imani haulizi. Aliondoka siku hiyo, akakaa miaka mitatu bila kukanyaga mlango wa kanisa. Kilichomrudisha ni kusoma na kufikiri, polepole, kama mtu anayefungua mashine skrubu moja moja. Aliporudi alimwomba mchungaji saa moja tu kwa wiki na mabenchi machache. Ikawa Jumatano ya Maswali. Ukiwa na swali unaleta, na hakuna wa kukukemea.

Na hoja zake zilikuwa hoja kweli. Alizungumza juu ya chanzo cha vitu vyote. Aliuliza kwa nini anayepunja kwa mizani huona haya hata akiwa peke yake dukani, nani amemwambia. Aliwasimulia wale waliosema wamemwona Yesu baada ya kaburi, wakashikilia hivyo walipopigwa, wakati ushuhuda huo haukuwaletea hata kipande cha mkate. Lakini kila alipomaliza hoja aliweka kidole mezani na kusema, "Hii inafika hapa. Haivuki hapa." Muuguzi mmoja wa zahanati, mwanamke msomi aliyekuwa karibu kuacha kusali kwa kudhani imani inamtaka azime akili, alisema wazi kwamba bila Jumatano zile angekuwa amekwisha kuondoka. Basi tusiseme hoja hazina kazi. Zilimfaa fundi, zilimfaa muuguzi.

Tabu ilianzia kwa kinyozi.

Huyu kinyozi, mwenye kibanda ng'ambo ya barabara, aliitwa Hebu-Kwanza. Jina alijipatia mwenyewe, maana hakuna sentensi aliyoianza vinginevyo. Ukimwambia mvua inakuja, "hebu kwanza, nani kasema?" Ukimwambia habari za asubuhi, nusura aulize ushahidi wa asubuhi. Yeye na fundi walikuwa marafiki wa miaka mingi, na urafiki wao ulikuwa ni kubishana tu. Hebu-Kwanza hakuamini kitu. Kila hoja ya fundi aliipokea, akaigeuza, akairudisha, "Nzuri, ila haijanifika."

Kisha mke wake akaugua miezi minne, akafa. Mchana ule ambao mpwa alikaa juu ya ndoo, kinyozi aliingia karakanani bila utani wowote, akaegemea mizani ya jukwaa.

"Fundi, niambie kitu. Kuna kinachotoka mtu akifa, au taa inazimika tu?"

Fundi alikuwa na mengi ya kweli ya kusema. Angeweza hata kusema hajui, akae naye kimya. Lakini kwa miaka mingi alikuwa amemngoja mtu huyu, na sasa alimwona yuko mlangoni kabisa, bado kusukumwa kidogo. Droo ya meza ilikuwa na karatasi moja ya kugawa bure, haina jina la mwandishi. Ilisimulia kuhusu daktari fulani wa ng'ambo aliyewalaza watu mahututi juu ya mizani pamoja na vitanda vyao, na kila roho ilipotoka mshale ukashuka gramu ishirini na kitu. Fundi alikuwa ameisoma na kucheka peke yake. Mizani inayobeba mtu na kitanda, mshale wake hurukaruka gramu hamsini kwa upepo wa mlango tu. Aliitupa drooni na angeitupa jalalani kama angekumbuka.

Mchana ule aliitoa.

Kinyozi aliisoma mara mbili. "Hebu kwanza," alisema, na sauti ilikuwa ya chini. "Mke wangu nilimbeba mwenyewe alipokuwa mgonjwa, kitandani hadi bafuni, kila siku. Na siku ile nilimbeba kumtoa. Alikuwa mzito zaidi, fundi. Hakupungua. Mikono yangu inajua."

"Mikono yako si mizani, ndugu yangu," fundi akajibu. "Mikono hudanganya. Mimi hii ndiyo kazi yangu, nakuambia. Alipungua."

Hebu-Kwanza aliitazama mikono yake kwa muda mrefu. Kisha akaikunja ile karatasi, akaitia mfukoni, akaondoka. Ndipo mtoto akauliza swali lake, akapewa ufagio.

Miezi miwili baadaye kinyozi alibatizwa. Kanisa zima lilifurahi, na wengi walimpa fundi mkono kama yeye ndiye aliyeoa. Alicheka nao. Nyumbani dada yake alimwona hali chakula, akamuuliza kama anaumwa.

"Tumbo," akasema.

Tumbo hilo lilidumu miaka saba. Kwa sababu Hebu-Kwanza alikuwa na kiti, na kila aliyekaa kwenye kiti hicho na povu mashavuni, asiyeweza kukimbia, alisimuliwa habari ya gramu ishirini. "Na si maneno yangu. Muulize fundi pale ng'ambo. Mtu asiyesamehe gramu kumi za nyama, atasamehe uongo wa roho?" Wateja walivuka barabara kuuliza kweli. Fundi alikohoa, akasema mambo ya Mungu ni makubwa, akainama kutafuta skrubu ambayo haikuanguka. Jumatano aliendelea na hoja zake njema, lakini alipofika mahali pa kuweka kidole mezani, kidole kilikuwa kizito. Wakati mwingine, akisafisha mawe ya shaba kwa ile ngozi laini, alihisi kama anawaosha watu wengine nyuso huku yake ina masizi.

Alitaka kusema. Aliogopa jambo moja: kwamba akiling'oa jiwe hilo la uongo, nyumba yote ya rafiki yake itaanguka, na safari hii hatakuwa na mke wa kumwegemea wala Mungu. Kwa hiyo alijiambia ananyamaza kwa upendo. Maneno hayo yalimtuliza hadi pale mpwa wake, sasa msichana wa kidato cha nne, alipokuja karakanani na tangazo la kanisa mkononi.

"Mjomba, Jumapili ijayo ni siku ya vijana. Hebu-Kwanza atatoa ushuhuda. Mchungaji anaomba upeleke mizani ya jukwaa, isimamishwe mbele."

Alisema hivyo tu. Swali la zamani hakulirudia. Lakini alikuwa amesimama karibu na ile ndoo, na mjomba aliona macho yake yakienda kwenye mizani, kisha kwenye kisanduku cha mawe, kisha kwingine kwa adabu.

Asubuhi iliyofuata fundi alivuka barabara kwenda kunyolewa. Kibanda kilikuwa hakijapata mteja. Hebu-Kwanza alimfunga kitambaa shingoni, akampaka povu, akaanza shavu la kulia huku akipanga Jumapili yake.

"Nataka nisimame juu ya mizani kabisa. Nitaanza na ile mikono yangu ilivyonidanganya."

"Haikukudanganya," fundi alisema.

"Usicheze na mdomo, nitakukata."

"Sikiliza. Ile karatasi ni ya uongo. Hakuna mizani ya namna ile inayoweza kuona gramu ishirini."

Wembe ulisimama. "Hebu kwanza. Umejua lini?"

"Kabla sijakupa."

Barabarani mtu alikuwa akifungua mlango wa bati wa duka lake, na sauti ile ikachukua muda mrefu kwisha.

"Ulijua," kinyozi akasema.

"Nilijua. Uzito ni uleule kabla na baada. Ulimwona mzito zaidi kwa sababu mtu aliye hai anakusaidia kumbeba. Anakushika shingo, anajikaza. Siku ile ulimbeba peke yako. Mikono yako ilisema kweli."

Hebu-Kwanza alifuta wembe kwenye kitambaa, upande mmoja, upande wa pili. "Miaka saba. Kila aliyekaa hapa nimemwambia mikono hii ni waongo. Nilimshika mwanamke wangu kwa mikono hii, ukanifanya niikane."

"Nisamehe."

"Ukristo wangu unaweza kuwa kweli au uongo, hilo nitalitafuta mwenyewe. Lakini wewe ulinipunja. Ungenipunja nyama ningekuelewa." Alimfungua kitambaa. "Leo nimefunga."

"Umeniacha nusu."

"Najua."

Fundi alitoka na shavu moja lililonyolewa na jingine lina ndevu na povu linalokauka. Mshona mapazia alimwona, akaita wenzake. Kulikuwa na kinyozi mwingine mtaa wa pili, lakini hakwenda. Alikaa hivyo Jumatatu, alikaa hivyo Jumanne, na dada yake alipomwambia anaonekana kama ukuta ambao rangi imeisha katikati, alisema ndivyo alivyo.

Jumatano alisimama mbele ya mabenchi hivyo hivyo. Vijana walicheka nyuma ya viganja. Alikuwa anasubiri kicheko kitulie ndipo Hebu-Kwanza akaingia, hakusalimia mtu, akaketi benchi la mwisho na mikono juu ya magoti.

Fundi aliwaeleza yote: karatasi, droo, alichokijua, alichomwambia mtu aliyekuwa na msiba. Hakuna aliyecheka tena. Yule muuguzi wa zahanati alinyanyua mkono.

"Sasa fundi, na zile hoja nyingine ulizonipa mimi? Nizitupe?"

"Usizitupe. Zipime tena, na mimi nikiwepo. Hoja njema ni kama jiwe la shaba, inakuonyesha mizani yako imepinda wapi. Lakini jiwe haliliwi. Mimi nilitaka lile jiwe limshibishe mtu mwenye njaa, na lilipokataa nikatafuta la uongo."

Kisha kutoka benchi la mwisho, "Hebu kwanza."

Watu wote waligeuka.

"Ile ya mashahidi wa kaburi. Nayo umeipima?"

"Nimeipima."

"Inakosea wapi?"

Fundi hakuwa amewahi kuulizwa hivyo, si na mtu aliyekuwa na haki kubwa hivyo ya kuuliza. Akaanza kueleza, polepole, udhaifu wote anaoujua wa hoja yake mwenyewe: kwamba hatukuwepo, kwamba habari imetufikia kwa mikono mingi, kwamba mtu anaweza kufa kwa ajili ya jambo alilokosea. Kisha akaeleza kilichobaki baada ya kuondoa hayo yote, na kilikuwa bado kitu. Hebu-Kwanza alisikiliza, akauliza tena, akakatiza, akauliza tena. Saa moja ikawa mbili. Mwishoni alisimama, akasema "Jumatano ijayo nitaleta ile ya chanzo cha vitu," akatoka bila kumpa fundi mkono wala kumtazama shavu. Jumapili hakutoa ushuhuda. Alikuja, lakini alikaa nyuma.

Mpwa alimsindikiza mjomba wake kurudi karakanani jioni ile ya Jumatano, akambebea kitabu. Waliingia. Yule msichana aliketi juu ya ndoo, magoti yamemfika karibu na kidevu.

"Mjomba, hizo ndevu utanyoa lini?"

"Akiniita."

"Na asipokuita?"

Fundi alichukua ile ngozi laini, akatoa jiwe dogo la gramu ishirini kisandukuni, akaliweka katikati ya mizani kubwa ya jukwaa. Wote wawili waliinama kuutazama mshale. Haukusogea.

"Uliwahi kuniuliza kitu," alisema, "nikakupa ufagio."

"Nakumbuka."

"Haiwezi, mama. Na siku ile nilijua."