Laptopu Iliyovishwa Nguo

Huku kwetu kitu cha thamani hakikai uchi. Juzi nikiwa kwa fundi kompyuta pale Nduguti, aliingia bibi amekumbatia laptopu ya mtumba. Ameifumia nguo ya uzi wa njano, inaibana kila upande, imeacha kioo na vitufe tu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Hii haishiki waifai, na mjukuu wangu kazaliwa jana. Nataka nimwone."

Fundi akaivua, akabadilisha kadi ya waifai. Wapi. Ndipo akaona ubavuni swichi ndogo imezimwa. Akaiwasha, mtandao ukaja. Bibi akairudishia nguo, mtandao ukakata. Kumbe mpira wa ile nguo ndio uliokuwa ukiisukuma swichi.

"Bibi, unaikaba. Iache hivihivi."

"Na vumbi lote hili?"

Alikubali shingo upande. Akapiga simu ya video, mara mjukuu akatokea kwenye kioo, amefunikwa hadi puani kwa shali la uzi uleule wa njano. Bibi alicheka mpaka machozi. Kisha akamkazia macho mkwewe aliyempakata mtoto.

"Mlegezee hilo shali, mtoto apumue."

Fundi aliinama kuficha kicheko. Mimi nilishindwa.