Rula ya Fundi

Fundi, bibi mshona nguo, alikuwa na mdomo mkali kuliko mkasi wake. Mteja akilalamika kwamba suruali inambana, huambiwa suruali haijapungua, kilichoongezeka ni tumbo. Watu walicheka na kurudi, maana sare za shule alizoshona zilirithiwa na wadogo watatu.

Lakini macho yake yalikuwa yanafifia. Alitaka jambo moja tu kabla hayajazima: mjukuu wake, Kidosho, aweze kukaa kwenye cherehani na kujitegemea. Mama yake Kidosho alivuta unga wa kulevya mimba nzima, na unga huohuo ndio uliomzika. Binti sasa alikuwa na miaka kumi na saba, na hakuwa na mtu mwingine.

Kila asubuhi Fundi alimfundisha kupitisha uzi, na kila asubuhi Kidosho alianza upya, kana kwamba jana haikuwapo.

"Mvivu wewe! Akili umeziacha kitandani?"

Kisha rula ya mbao, kiganjani. Samaki mkunje angali mbichi, alisema, na aliamini kabisa kwamba anamsaidia. Aliamini hivyo kwa miaka sita.

Siku moja muuguzi aliyekuja kupima gauni alimtazama binti akihangaika na uzi, akawashauri waende kwa daktari. Daktari aliuliza mengi, akampima Kidosho mara tatu, halafu akasema taratibu:

"Mama, seli za ubongo hupelekeana ujumbe. Si kila mtoto huathirika, lakini kwa huyu naona ule unga ulivuruga njia hizo zikiwa bado zinajengwa tumboni. Ujumbe mwingine huchelewa, mwingine haufiki. Si uvivu."

"Atapona?"

"Atajifunza, hatua mojamoja, kwa subira. Ila hali hii atakuwa nayo maisha."

Fundi, ambaye hakuna aliyewahi kumshinda kwa maneno, aliinuka na kumshika Kidosho mkono. Njia nzima ya kurudi alijifunika uso kwa mtandio.

Dukani alimkalisha Kidosho kwenye cherehani. "Polepole, mjukuu wangu. Leo tunajifunza kuweka kibiringo cha uzi, basi."

Kidosho alijaribu. Kibiringo kikamponyoka, kikabiringika hadi mlangoni. Akainuka, akaitungua rula ukutani, akampa bibi yake na kukunjua kiganja.

Fundi aliangua kilio mbele ya wateja.

"Usilie, Bibi," Kidosho alisema, mkono bado ameunyoosha. "Hili sijasahau."