Ubao wa Aron wa Kupachika Picha za Chai

Tangu Janeffer ateleze kisimani akavunjika nyonga, mumewe Aron ndiye aliyepanda kilimani kuchuma chai yao. Daktari alikuwa amemkataza Janeffer mlima kwa miezi mitatu. Mwezi wa pili haujaisha, akawa anauliza habari za chai kila jioni, na Aron, mtu wa maneno machache, akawa anajibu kwamba iko sawa.

"Sawa ya nani?" Janeffer akauliza.

Aron akampigia picha kwa simu. Janeffer akasema imelala kama chapati, kijani kitupu, hata palipochumwa vibaya hapajulikani. Mwezi ukiisha atapanda mwenyewe na magongo yake. Aron alimjua mkewe: akisema atapanda, atapanda, na nyonga ivunjike tena.

Basi akatoa kamera kuukuu yenye macho mawili, aliyoachiwa na meneja ambaye yeye Aron alimtunzia bustani zamani. Hupiga picha mbili kwa mpigo, moja ya kila jicho. Ukizitazama pamoja ndani ya kijisanduku chake cha kutazamia, kitu kinasimama mbele yako kama kilivyo.

Filamu ikaenda Nairobi kusafishwa, ikarudi utepe mmoja mrefu. Fremu za kupachikia hazikupatikana Bomet nzima, kwa hiyo Aron akazikata kwa wembe kwenye katoni, akatenga picha kwenye utepe na kuzibandika kwa kukadiria.

"Baba Caren," Janeffer akasema, jicho kwenye kijisanduku, "chai yangu imekuwa mashimo?"

Kumbe picha ya kulia ameiweka kushoto. Akazibadilisha. Sasa michai ilisimama, lakini Janeffer akashika paji la uso. Kichwa kinamuuma, akasema, picha moja iko juu kidogo kuliko ya pili. Jicho lake halikudanganywa. Miaka ishirini na miwili alikuwa akilaza ufito juu ya michai ili ajue kama imechumwa sawasawa.

"Nani huchuma bila ufito?" akamuuliza. "Na wewe tafuta wako."

Aron akaenda nyuma ya nyumba, aibu imemjaa. Akatoboa madirisha mawili kwenye kipande cha ubao, akayafunika kwa kioo cha dirisha lililovunjika. Chini ya madirisha akapigilia spoku ya baiskeli iliyonyooka, picha zote mbili zikalie mstari mmoja. Juu ya kioo akavuta uzi, ukakatiza picha zote mbili. Akauinua ubao kwenye mwanga, akaona jani lile lile limegusa uzi kulia, na kushoto liko chini kidogo. Ile ya kushoto akaiwekea kijikaratasi chini, mpaka majani yakalingana, ndipo akazibandika kwenye fremu. Hakununua kitu. Hata uzi ulikuwa wa Janeffer.

Safari hii Janeffer alielekeza kijisanduku kwenye mwanga, akatazama mstari kwa mstari. Aron akasimama mlangoni kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani.

"Mstari wa tatu uliuruka katikati," akaanza. "Hapa kwenye jiwe umechuma majani yaliyokomaa. Na huu mchai wa karibu na mti, mbona umeachwa ukafika shingoni? Uliuogopa?"

Aron akakiri kwamba kuna nyuki. Janeffer akacheka mpaka akashika nyonga.

"Nenda umalizie huo mstari wa tatu," akasema alipopata pumzi, "halafu unipigie nyingine. Mimi nitangoja hapa."

Aron akauliza kama anaweza kula kwanza.

"Kula, Baba Caren. Lakini kula haraka."