Kila Mganda na Sababu Yake

Niwataje kwanza waliokuwepo, maana wengi ni marehemu na hawawezi kujitaja. Alikuwepo baba yangu, Mafuru. Alikuwepo mama yangu, Nyangeta, mwenye mimba ya mdogo wangu wa mwisho, tumbo limeshashuka. Alikuwepo jirani yetu Mzee Magesa, fundi wa kuezeka nyasi, na mkewe Bhoke, ambaye ndiye aliyenipokea mimi nilipozaliwa. Na mimi Nyamisi, mwaka wa kumi hivi, darasa la tatu. La nne ndo lilikuwa mwisho wangu wa shule. Walikuwepo pia wagombea wawili wa ubunge. Majina yao nayakumbuka mpaka ya baba zao, ila siyaandiki, wana wajukuu.

Enzi hizo, wenzangu wa rika langu mnajua, chama kilikuwa kimoja lakini wagombea wawili. Mmoja alama yake Jembe, mwingine Nyumba, maana wengi walikuwa hawajui kusoma. Na walikuwaga wanakuja pamoja, ndani ya Landrova moja, wanakaa benchi moja, wanakunywa maji kwa kata moja. Huyu akimaliza kusema, anampisha mwenzake. Waambieni vijana wa leo, watawauliza polisi walikuwa wapi.

Sisi watoto wa kule Butiama tulizipenda siku hizo kuliko Krismasi. Shule ilifungwa mchana. Akina mama walileta viazi vitamu uwanjani kwenye ungo, bado vinafuka, tunavimenya kwa meno. Tulijigawa, Jembe huku, Nyumba kule, tukavutana kwa kamba ya katani mpaka viganja vinachubuka. Mimi nilikuwa Nyumba kwa sababu baba alikuwa Nyumba. Mzee Magesa alikuwa Jembe. Yeye na baba walibishanaga kila jioni wakila ugali wa mtama na furu, wale samaki wadogo wa ziwani, wa kukausha, sinia moja, na hakuna aliyewahi kuondoka akaacha tonge.

Siku ya mkutano Mzee Magesa alisimama aulize swali. Alikuwa anachechemea, mguu wa kulia mfupi. Kabla hajafungua mdomo, nikapiga kelele kutoka kwenye kundi la watoto: "Jembe la Kiguru, halilimi, linachechemea!" Mpaka leo sijui lilitoka wapi. Wenzangu wakalidaka, wakaliimba kwa makofi. Kisha wakubwa wakacheka. Nikatafuta uso wa baba, nikakuta naye anacheka mpaka magego yanaonekana. Mzee Magesa pia alikuwa anamtazama baba. Akakaa chini bila kuuliza swali lake.

Nyumbani mama alinikalisha kwenye kigoda. Hakunichapa.

"Unasoma darasa gani?"

"La tatu."

"Lile lenye paa la nyasi? Aliliezeka nani?"

Sikujua.

"Magesa. Ufito ulikatika akaanguka, akavunjika mguu, ili nyie msinyeshewe. Sasa wewe ndo umempa jina."

Sikilizeni ubaya wake. Nyumba yetu ilikuwa wazi. Baba alikuwa ameshaliondoa paa la zamani, nyasi zimekatwa na kufungwa miganda, fito zimesimama kama mbavu, na sisi wote tunalala jikoni. Mvua za vuli zilikuwa zimeanza kunguruma upande wa ziwa, na siku za mama zilikuwa karibu. Mzee Magesa alikuwa aje Alhamisi. Alhamisi hakuja. Baba akaenda kumwulizia, akarudi ameinama. "Amesema Nyumba yetu ije ituezekee."

Ijumaa mama alinishika mkono tukaenda kwa Mzee Magesa, mama anapumua kwa shida kwenye kile kimlima. Tulimkuta anasokota kamba. Nikapiga magoti. "Shikamoo baba. Nimekosa."

"Marahaba." Hakuinua macho. "Kesho nakuja, Mama Nyamisi. Ila atakayenipa nyasi ni huyu binti. Na kila mganda aje nao na sababu moja ya kuichagua Nyumba. Bila sababu, sipokei."

Tulidhani ni utani. Kesho yake akapanda juu na mguu wake ule, nami nikasimama juu ya kinu kilichopinduliwa, nikamnyooshea mganda wa kwanza.

"Kwa sababu baba ni Nyumba."

"Hiyo sababu ni ya baba yako. Aje nayo mwenyewe." Mganda ukarudi.

"Kwa sababu watu wa Jembe ni wabaya."

"Mimi ni Jembe. Ubaya wangu?"

Mganda ukarudi.

Nikakumbuka mgombea wa Nyumba alitaja zahanati. "Kwa sababu mama asije akajifungulia njiani."

Mikono ikashuka, ikapokea. "Hapo umesema. Na wa Jembe je, kuhusu zahanati alisemaje?"

Sikujua.

"Utajuaje? Ulikuwa unaimba."

Basi kazi ikaenda hivyo. Nikikwama mimi, paa nalo limekwama. Nilikimbia jikoni kuomba sababu kama mtu anayeomba moto: kisima, bei ya pamba, daraja la njia ya Bunda. Bhoke, mkewe mwenyewe, ndiye aliyeninong'oneza nyingi. Mzee akachungulia kutoka juu. "Wewe Bhoke! Kumbe miaka yote nalala na mtu wa Nyumba?"

"Uliwahi kuniuliza?"

Kicheko kilisikika mpaka kwenye mji wa jirani wa tatu. Na kila sababu aliijibu, tena vizuri, mpaka kuna mahali nilitamani nihamie Jembe mwenyewe.

Saa tisa wingu lilikuwa jeusi. Imebaki sehemu ya kileleni tu, ile ambayo ikiachwa wazi hujaezeka kitu. Sababu zangu zimeisha, na za jikoni zimeisha. Mama amesimama mlangoni ameshika kiuno. Matone ya kwanza yakaanguka. Hapo baba akaja, akauchukua mganda mikononi mwangu, akapanda kinu.

"Magesa, nilicheka," akasema. "Sikupaswa kucheka."

Mzee alipangusa maji usoni, mvua inamdondokea.

"Hiyo siyo sababu ya kuichagua Nyumba," akasema. Kisha akanyoosha mkono. "Lete."

Alimaliza kufunga kilele mvua ikiwa inamchapa mgongoni. Mdogo wangu alizaliwa Jumanne, mahali pakavu. Siku ya kura wazee wale walienda pamoja, baba akapiga Nyumba, Mzee Magesa akapiga Jembe, na Jembe likashinda. Baba alinuna siku mbili, basi.

Leo nakaa mjini, Bweri, nyumba ya bati. Fundi alikuja na bodaboda, akapigilia, akaondoka, na mimi ninayekumbuka majina yote, la huyo sikulipata. Nadhani hapo ndo tulipopotea. Mtu akishaona hamhitaji jirani juu ya paa lake, anaona anaweza kumwita chochote. Wajukuu zangu wawili, Wambura anayekaa Mukendo na Rhobi wa kule Manyamanyama, watoto wa mama mmoja, Jumapili iliyopita walikuja kwangu. Mmoja kamwita mwenzake chawa, yaani mnyonyaji anayewasifia wakubwa, huyu akajibu nyumbu, yaani mfuata mkumbo wa upinzani, wakiandikiana kwenye simu, wote wawili wamekaa kwenye kochi langu moja! Nyumbu nimewaona mimi, wanapita kwa maelfu na hawatukanani. Nikamwuliza kila mmoja: mgombea wa mwenzako amesema atafanya nini? Wakatazamana. Hakuna aliyejua.

Nimewaambia, na nyie nawaandikia. Mpendeni mnayemtaka, bishaneni mpaka koo zikauke, hiyo ni haki yenu. Lakini chawa na nyumbu hawavuki kizingiti changu. Atakayewataja atatoka nje, awe mjukuu, awe diwani. Magoti yangu ni mabovu, ila kusimama mlangoni bado naweza, na uchaguzi ukija nitasimama.

Na kama kuna mtoto wa Mzee Magesa anasoma haya, au yeyote wa kijiji chetu, akaona nimekosea, pengine haikuwa Alhamisi, pengine lile daraja alilitaja wa Jembe, anisahihishe. Aniambie tu, "Bibi, hapo siyo, ilikuwa hivi." Nitafuta, niandike upya.