Mchekeshaji Asiyeitikia Salamu

Kwa miaka ishirini na zaidi nilikuwa mkalimani wa kanisa letu pale Sultan Hamud. Mgeni akihubiri kwa Kiswahili au kwa Kiingereza, nilisimama hatua moja nyuma yake, upande wa kushoto, nikayatoa maneno yake kwa Kikamba. Kazi hiyo nilifundishwa na wamisionari katika miaka ya sitini, na sheria yake ilikuwa moja: usiongeze, usipunguze. Mhubiri akilia, mkalimani halii. Mhubiri akikosea, mkalimani anakosea vilevile, na Mungu atajua la kufanya.

Koo langu lilipoanza kukauka katikati ya ibada, nilimwachia kazi binti yangu. Yeye alipewa jina la mama yangu mzazi, na kwa desturi yetu baba hamwiti binti wa namna hiyo kwa jina tu kama mtoto mwingine. Nilimwita Mwaitu, yaani mama, tangu akiwa wa kubebwa mgongoni. Alikuwa amemaliza kidato cha nne na alifundisha watoto wa nasari. Nilimfundisha tukichagua ndengu uani. Mimi nilisoma kwa Kiingereza, yeye akatoa kwa Kikamba, mikono yetu sote wawili ikiwa kwenye ungo. Akiongeza neno, nilibisha ukingo wa ungo kwa kidole. Mwaka wa kwanza kidole changu kilichoka. Mwaka wa pili sikubisha hata mara moja, na watu wakaanza kuniambia kwamba mtoto amempita mwalimu. Niliwakemea kidogo, kwa sababu ya adabu, kisha nikaenda nyumbani nikamshukuru Mungu peke yangu.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini, mfanyabiashara mmoja alifungua chumba cha video nyuma ya hoteli yake. Kilikuwa chumba cha mabati chenye mabenchi, televisheni moja juu ya meza, na jenereta iliyonguruma nje karibu na choo. Siku za soko, mchana, watu waliouza mbuzi na maembe yao walijazana humo. Shida ilikuwa kwamba filamu zote zilikuwa za Kiingereza. Watu walitazama kidogo, wakauliza huyu anasema nini, wakakosa wa kuwajibu, wakaondoka. Ndipo mwenye hoteli alipomjia binti yangu akamwomba awe mkalimani wa video.

Aliniomba ruhusa. Aliniambia kuna kazi ya kutafsiri picha siku za soko. Nami katika ujana wangu nilizunguka na gari la misheni lililoonyesha picha kwenye shuka jeupe: kunawa mikono, kuchimba choo, maisha ya Bwana. Kwangu mimi picha zilikuwa hizo. Nikamwambia aende na Mungu ambariki. Sikumwuliza ni picha gani.

Zilikuwa picha za mchekeshaji muuaji.

Huko zilikotoka, nasikia, kuna mtu anayealikwa kwenye sherehe za watoto awachekeshe. Uso wake umepakwa weupe, pua ni nyekundu na ya mviringo, viatu virefu kama ubao wa kufulia. Katika filamu hizo mtu huyo anafika kwenye sherehe na kisu ndani ya mfuko wa baluni, kisha anawaua vijana mmoja baada ya mwingine mpaka abaki msichana mmoja wa kumkimbia. Mwenye hoteli alikuwa nazo nne, zote za mchekeshaji yuleyule. Zilikuwa za bei ya chini hata huko kwao, kisha zikanakiliwa mara nyingi mpaka picha inatetemeka kama maji ya beseni.

Habari ilifika kanisani kabla haijafika kwangu. Mwenyekiti wa wazee wa kanisa, mtu wa haki ambaye sijawahi kumwona akicheka akiwa amesimama, alinijia akaniambia taratibu kwamba binti yangu anatangaza mauaji siku ya soko na Neno siku ya Jumapili, kwa mdomo uleule. Baada ya majuma mawili tulikuwa tuzindue jengo jipya la kanisa. Mhubiri alikuwa anatoka ng'ambo, na binti yangu ndiye aliyekuwa amepangwa kumtafsiria mbele ya makanisa yote ya jirani. Mwenyekiti alisema wapo wanaotaka aondolewe, na si kwa Jumapili hiyo tu, bali asisimame tena pale mbele.

Sikulala vizuri siku hizo. Mimi mwenyewe nilikuwa mzee wa kanisa, nami nilikuwa mmoja wa watano waliopaswa kuamua.

Kwetu kesi ya mpaka wa shamba haikatwi watu wakiwa wamekaa. Wazee huinuka wakatembea mpaka kwenye mkonge wenyewe uliopandwa mpakani, wakauona uliko, ndipo waseme. Mwenyekiti aliifuata desturi hiyo. Alisema hatuwezi kumhukumu mtoto kwa masikio. Basi siku ya soko iliyofuata, baada ya chakula cha mchana, wazee watano wa kanisa waliovaa makoti waliingia katika chumba cha video. Vijana waliokuwa mbele walitupisha benchi zima bila kuambiwa. Mmoja akanong'ona kwamba leo mchekeshaji ataokoka.

Binti yangu alikuwa amesimama kando ya televisheni, upande wa kushoto, hatua moja nyuma yake. Alituona. Akashika mikono yake mbele, kama nilivyomfundisha, akaanza.

Niseme kweli, mwanzoni wazee hawakuogopa lolote. Mmoja wetu alikuwa mchinjaji wa mbuzi, mzaliwa wa Tseikuru, mtu wa maneno mengi. Mchekeshaji alipomchoma kijana wa kwanza, mchinjaji aliinamia sikio la mwenyekiti, lakini sauti yake ilisikika mpaka nje kwenye jenereta.

"Huyu hajawahi kuchinja hata kuku," akasema. "Damu gani hiyo? Hiyo ni nyanya, tena haijaiva."

Chumba kizima kikacheka. Binti yangu hakucheka. Naye aliyekufa alikuwa akipepesa kope, na mgongoni mwa mchekeshaji zipu ya nguo yake ilionekana wazi, na hapo waliposema ni usiku wa manane, kivuli cha mti kilikuwa kimelala chini kama saa sita mchana. Hata mwenyekiti alilegeza mabega. Nilianza kuwaza kwamba kesi imekwisha yenyewe, kwa kuwa hakuna mzee anayeweza kumfukuza mtoto kwa ajili ya nyanya.

Ndipo ilipofika sehemu ya sherehe ya pili. Mchekeshaji anaingia uani polepole. Watoto wanacheza. Mama mmoja anageuka, anamwona, anatabasamu. Hakuna linalosemwa, ni muziki tu. Binti yangu, badala ya kunyamaza, alishusha sauti.

"Mgeni ameingia," akasema kwa Kikamba. "Mama wa nyumba amemsalimu. Hakuitikia."

Vicheko vikakatika.

"Amemwuliza yeye ni wa ukoo gani, ni mtoto wa nani. Hakujibu. Amemsalimu mara ya pili. Hakuitikia."

Kwetu hata mtu mliyegombana naye huitikia salamu, ndipo mwendelee kugombana. Mlevi huitikia. Mgonjwa aliyefumba macho huinua kidole. Anayesalimiwa mara mbili akanyamaza, huyo haji kwa wema, na labda si mtu. Mwanamke mmoja nyuma yetu alivuta leso akajifunika mdomo. Mchinjaji wa Tseikuru alinishika mkono, akaukaza, wala hakuuachia mpaka filamu ikaisha. Zipu bado ilionekana, lakini hakuna aliyeitazama tena.

Nami, Mungu anisamehe, nilikaa pale kwenye benchi moyo wangu ukinijaa. Nilijua alichokifanya. Wenye filamu walikuwa na nguo ya kukodi na chupa ya nyanya, na watu wetu hawakujua hata mtu wa namna hiyo ni nani. Binti yangu aliwapa hofu wanayoijua kwa neno moja la nyumbani. Katika miaka yangu yote sikuwahi kuwashika watu namna hiyo.

Tulikutana siku ya pili katika chumba cha nyuma cha kanisa. Mwenyekiti aliomba, kisha akanigeukia.

"Mwalimu," akasema, maana ndivyo walivyoniita, "sisi Kiingereza chetu ni kidogo. Wewe ndiye unayeijua kazi hii. Binti yako ametafsiri sawasawa, au ametia chumvi?"

Ningeweza kusema sawasawa. Hakuna mle ndani ambaye angejua. Nilimwona binti yangu kupitia mlangoni, ameketi nje kwenye jiwe akingoja kuitwa, viatu vyake vya Jumapili vikiwa vimepanguswa.

"Ametia," nikasema.

"Wapi?"

"Pale penye salamu. Katika filamu hakuna aliyemsalimu mtu."

Mchinjaji alinitazama kama niliyemnyang'anya kitu. Akasema lakini hapo ndipo alipoogopa. Mwenyekiti akamwambia huo ndio ubaya wenyewe. Akasema pia kwamba yeye hakuwa na neno na yule mchekeshaji, filamu ni upuuzi wa watu wa mbali, bali anayeongeza kwenye video ataongeza kwenye Neno, nasi hatutakuwa na Kiingereza cha kumkamata. Wawili wengine wakatikisa vichwa kukubali. Nikaona kwamba ukweli wangu ndio umemtoa mwanangu mbele ya kanisa.

Ndipo nikasema jambo ambalo nilikuwa nimelinyamazia kwa karibu miaka thelathini. Kama kuongeza ndiyo kesi, nikasema, basi anzeni na mimi. Nikawaeleza kwamba katika ujana wangu nilikwenda Tseikuru na mmisionari mmoja aliyehubiri habari ya mchungaji mwenye kondoo mia, aliyepotelewa na mmoja, akawaacha tisini na tisa nyikani akaenda kumtafuta. Wasikilizaji walikuwa wafugaji watupu. Niliona nyuso zao zikibadilika. Mzee mmoja mbele alimnong'oneza mwenzake kwamba mchungaji huyo ni mpumbavu, maana akirudi atakuta fisi wameshiba. Mmisionari aliendelea bila kujua amekwisha kuwapoteza. Basi nikaongeza. Nikasema kwamba tisini na tisa aliwaachia ndugu yake awalinde. Nyuso zikatulia, na watu kadhaa wakampokea Bwana siku hiyo.

Nilipomaliza, mchinjaji, ambaye alikuwa mmoja wa waliompokea Bwana siku ile akiwa kijana mdogo, aliuliza kwa sauti ya chini:

"Kwani hakuwaachia ndugu yake?"

"Hapana."

"Mwalimu, mimi huyo ndugu yake nimemhubiri. Nimemhubiri Kambu, nimemhubiri Mwingi. Nimewaambia watu tuwe kama ndugu yake."

Mwenyekiti aliinama akatazama meza. Mabega yake yalitikisika. Alikuwa ameketi, basi pengine hilo halivunji rekodi yake.

Alipopata sauti yake aliagiza binti aitwe. Alimwuliza kama ni kweli aliongeza salamu. Akasema ni kweli. Akamwuliza ataahidi vipi kwamba hataongeza Jumapili ya uzinduzi.

Binti yangu aliniangalia kwanza, kisha akamgeukia mwenyekiti.

"Mzee, ile filamu ni maskini," akasema. "Imekuja hapa haina kitu, ndiyo maana nikaisaidia. Neno si maskini. Nikiliongezea nitakuwa namtusi mwenye Neno."

Hakuna aliyemfundisha maneno hayo. Mimi, mwalimu wake, ndiye niliyekuwa nimelionea Neno huruma kule Tseikuru kana kwamba lilihitaji ndugu wa kulisaidia.

Wazee walikata shauri kabla ya chai kupoa. Binti atasimama siku ya uzinduzi na baada yake. Kuhusu video, mwenyekiti alisema baraza halina mamlaka juu ya mchekeshaji, maana si mshirika wa kanisa hili, lakini watoto wasiingizwe mle. Mimi niliondolewa kwenye benchi la wazee kwa miezi mitatu, nikakae nyuma. Nilishukuru, na sikushukuru kwa mdomo tu. Jambo la miaka thelathini likitoka kifuani, mtu hupumua hata akiwa benchi la nyuma.

Jumapili ya uzinduzi kanisa lilijaa mpaka nje. Niliketi nyuma kabisa kati ya akina mama wenye watoto wachanga na wageni waliochelewa. Mhubiri wa ng'ambo alikuwa mrefu, na binti yangu alisimama hatua moja nyuma yake, upande wa kushoto. Katikati ya mahubiri mgeni alitoa mzaha wa kwao, jambo fulani kuhusu mbwa wake na jirani. Binti yangu aliutoa neno kwa neno. Hakuna aliyecheka. Angeweza kuukoroga kidogo, uwe mzaha wa mbuzi, watu waanguke kwa kicheko. Aliniambia baadaye kwamba alikuwa nao tayari mdomoni. Lakini aliuacha mzaha ufe pale mbele, kama ulivyokuja, naye mgeni akavuta pumzi akarudi kwenye Neno. Na lilipofika Neno, aliligawa kama mtu anayepitisha maji kwa mikono yote miwili. Kidole changu kilikuwa juu ya ukingo wa benchi. Hakikubisha.

Bibi mmoja aliyetoka Kambu alikuwa ameketi kando yangu. Aligeuka, akanisalimu kwanza kama inavyopasa, nami nikaitikia. Kisha akanyoosha kidevu kuelekea mbele.

"Yule ni mtoto wa nani?" akauliza.

Nilikuwa na mengi ya kumwambia bibi huyo. Nilikuwa na ungo, na ndengu, na chumba cha mabati, na mchekeshaji.

"Ni wangu," nikasema, na sikuongeza neno.