Kupunguza Programu ya Visima

Niliandika programu ya simu inayowaambia wafugaji ni kisima gani kina maji. Naiandika mara moja, hapa Isiolo mjini, na kompyuta inaitafsiri kwa simu za aina mbili, ikiwemo ile ya bei ghali ambayo kule kwa wafugaji wa Sericho sijaiona hata moja. Wa kwanza kuitumia angekuwa shangazi yangu, anayefuga ngamia huko Sericho. Akapiga simu.

"Salaam aleikum. Hiyo kitu yako imekataa kuingia. Simu imejaa."

Ilikuwa imejaa sauti ya marehemu mumewe. Mzee alikuwa akiwaimbia ngamia kisimani wakinywa, kila kundi na wimbo wake, na shangazi akawa anamrekodi. Nyimbo hizo hazikuwa kwingine popote.

"Usifute kitu, shangazi. Nitapunguza yangu."

Programu yangu ilikuwa imebeba maktaba kadhaa, yaani kazi zilizoandikwa na watu wengine, ambazo mimi hutumia kidogo tu kisha najisifu kwa zote. Kuna chombo kinachopita humo wakati wa kutafsiri, kikiondoa kila kipande kisichoitwa kufanya kazi na kipande kingine. Nikakiweka kwenye kiwango kikali kabisa. Programu ikakonda. Nikaijaribu kwenye simu yangu, ikafanya kazi. Kusema kweli, nilijaribu toleo la mezani, la fundi kujaribia tu, ambalo chombo hicho hakiligusi. Fundi yeyote anajua tofauti. Hata mimi nilijua, ila nilikuwa na njaa. Nikamtumia shangazi lile lililopunguzwa, nikaenda kula.

Siku tatu baadaye akapata mtandao, akapiga tena.

"Iliingia, lakini nikifungua inajifunga. Nikasema labda bado nafasi ni kidogo. Nikatoa ile sauti ya mzee, yote. Bado inajifunga."

Kosa nililipata kabla chai haijapoa. Kipande kinachosoma orodha ya visima huitwa kazini baada ya programu kufunguka, si mapema. Chombo kilipopita hakikuona wa kukiita, kikakitupa. Nikaandika mstari mmoja wa kukiambia kisikiguse. Nafasi haikuhusika kabisa. Nililia, na mimi si mtu wa kulia.

Toleo jipya, safari hii nililolijaribu lenyewe, likafunguka. Kisima cha karibu naye kilikuwa na maji.

"Kwa hivyo ilikuwa ni nafasi?" akauliza.

"Ilikuwa nafasi, shangazi."

"Basi ni vizuri nilitoa," akasema.